Kiingereza cha Mlango wa Bati: Mwongozo kwa Mgeni Asiyejihadhari

Karibu Nakivale, ndugu mgeni. Kama umeshuka kwenye lori juzi huna haja ya kunieleza. Nimekujua kwa jinsi unavyoitika "oui" ukiitwa, na kwa daftari jipya ulilolikumbatia kifuani. Sote tulikuja na daftari. Langu lilikuwa la kurasa 96, na lilijaa kabla sijaweza kuomba maji kwa Kiingereza nikapewa maji.

Najua ulichoambiwa. Umeambiwa uachane na vitabu vya sarufi, usome kila kinachopita mbele ya macho: gazeti, bango, tangazo, karatasi ya dawa, ujumbe wa simu. Lugha itakuingia yenyewe, kama moshi wa kuni unavyoingia kwenye nguo. Aliyekuambia hakukudanganya. Alisahau tu kukuambia kwamba njia hiyo ina mbwa. Mwongozo huu ni wa mbwa.

Kwanza ujue ulipo. Uko wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, katika makazi yaliyofunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda, na tangu hapo kila vita ya jirani imeleta watu wake: Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Kitovu chake kinaitwa Base Camp, jina ambalo kule Everest watu hulipa maelfu ya dola wakapige nalo picha. Sisi tumelipata bure. Sokoni tunapatana kwa Kiswahili, kila mtu na chake: cha Bukavu, cha Bujumbura, cha Msomali aliyepitia Nairobi. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Siku hiyo tulishangilia sana. Kesho yake tukarudi kwenye foleni, fomu za Kiingereza mkononi.

Shule ya magunia

Somo langu la kwanza nililisoma kwenye mlango wa jirani. Mlango wenyewe ulikuwa wa madebe ya mafuta ya kupikia, yale ya msaada, yaliyopasuliwa, yakanyooshwa kwa nyundo na kugongomewa kwenye mbao. Debe moja liliwekwa kichwa chini, kwa hiyo nilisoma nimeinamisha shingo kama kuku anayetazama mwewe: NOT FOR SALE.

Neno kwa neno nilipata maana: haiuzwi. Nikamheshimu yule mama papo hapo. Nilishawahi kusikia kwamba huku Afrika Mashariki watu huandika ukutani "nyumba hii haiuzwi" kwa sababu ya matapeli na ndugu wenye tamaa, nikajua huyu ana kesi ya urithi. Wiki tatu nilimpa pole kila asubuhi. Alinijibu kwa adabu, bila kujua ninampa pole ya nini, mpaka nilipomuuliza kesi imefika wapi.

"Kesi gani, mwanangu?"

"Si ya nyumba, mama? Umeandika mwenyewe pale."

Akaangalia mlango wake, akaniangalia. Kisha akacheka akakaa chini.

Tazama basi mbwa wa kwanza alivyo: nilikuwa nimesoma sawasawa. Kila neno nililijua, na ningefanya mtihani ningepata alama zote. Nilichokosa ni kujua maneno yale yalikuwa yanaambiwa nani. Debe lilikuwa linasema na mfanyabiashara wa magendo, mimi nikaitikia.

Pale pale chini ya debe paliandikwa kwamba mafuta ni "fortified" kwa vitamini A. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunalijua neno hilo upande wa ngome na mahandaki. Nikapika kwa mafuta yaliyojengewa ukuta, na nakiri kwamba yalinipa ujasiri fulani.

Magunia yana faida zake, nisiyaseme vibaya. Maandishi yake ni makubwa, hayabadiliki, na unalala nayo chumba kimoja. Lakini usikae kwenye magunia peke yake. Tulikuwa na kijana mmoja mtaa wa pili, hodari wa kukariri, ambaye hakuwa na karatasi nyingine yoyote ya kusoma mwaka mzima. Mgeni alipofika kututembelea, mzungu mstaarabu mwenye kofia, akauliza nini kifanyike kwa ajili ya watoto, kijana akasimama na kusema kwa sauti safi kabisa, bila kukwaruza: wahifadhiwe mahali pakavu penye ubaridi. Mgeni aliandika. Huenda imo kwenye ripoti.

Ubao wa matangazo

Ukishahitimu magunia utapanda daraja, utafika kwenye ubao wa matangazo. Hapa uvue viatu.

Kiingereza cha ubaoni hakina wanyama, hakina vyakula, hakina mtu anayependa wala kuchukia. Kina vifupisho. OPM ni Ofisi ya Waziri Mkuu, RSD ni kuamuliwa kama wewe ni mkimbizi kweli au umejisingizia, IOM ni ndege. Nimewahi kusikia wamama wawili wa Kashojwa wakigombana robo saa nzima kwa herufi tupu, na kila mmoja alimwelewa mwenziwe.

Jihadhari hasa na maneno laini. Neno "kindly" kamusi itakuambia ni wema. Ubaoni maana yake ni amri. Ukiona tangazo linaanza na wema huo, soma haraka, kuna kitu kinaondolewa. Neno "resilience" ni uvumilivu wa mti unaopindwa na upepo ukainuka tena, neno zuri sana, na mimi nimeona huja mjini kila mara posho inapopunguzwa. Ndugu yake mkubwa ni "self-reliance", kujitegemea, ambaye amekaa hapa kuliko wengi wetu: mkakati wa serikali na UNHCR wenye jina hilo ulianza 1999. Na kuna "durable solution", suluhisho la kudumu, ambayo mama mmoja aliiulizia dukani akidhani ni sabuni ya miche isiyoisha haraka. Ziko tatu kwa hesabu ya wakubwa: kurudi kwenu, kubaki hapa ukawa mwenyeji, au kupelekwa nchi ya tatu. Sabuni haimo.

Halafu kuna "exercise". Mwaka 2018 wakimbizi wote wa Uganda walihakikiwa upya kwa alama za vidole na mboni za macho, na idadi iliyokuwa ikitajwa kuwa milioni 1.4 ikashuka hadi kama milioni 1.1. Matangazo yaliuita uhakiki huo "verification exercise". Husimuliwa hapa, na msimuliaji huapa kwamba alikuwepo, habari za mzee mmoja wa Juru aliyefika kwenye foleni alfajiri amevaa bukta na raba, akaanza kunyoosha misuli. Ningecheka zaidi kama Kiswahili chenyewe kisingekuwa kimeshaambukizwa. Fungua redio ya Dar es Salaam: zoezi la uhakiki, zoezi la usajili, zoezi la kuhesabu watu. Taifa zima liko mazoezini.

Lakini mbwa mkali kuliko wote wa ubaoni tulikuja naye wenyewe, kwenye mzigo, tangu Kongo. Naye ni Kifaransa. Kifaransa na Kiingereza ni kama ndugu wawili waliorithi mashati ya baba mmoja, ukiwaona kwa nyuma unamwita huyu kwa jina la yule. Barua yangu ya kwanza kwa ofisi moja niliiandika usiku kucha. Nilitaka kuomba blanketi. Kuomba kwa Kifaransa ni "demander", na kwenye gazeti nilikuwa nimeliona neno "demand" likitumiwa na watu wazito, mawakili na wabunge. Nikaliweka. Karani aliisoma barua mara mbili, kisha akanitazama mikononi kana kwamba anatafuta nilipoificha bunduki. Nilikuwa nimewaamuru wanipe blanketi.

Mwenzangu yalimkuta makubwa zaidi. Kwetu "passer" mtihani ni kuufanya tu, kufaulu ni jambo lingine kabisa na Mungu ndiye ajuaye. Akaandika kwenye fomu, kwa uaminifu wote, kwamba amefaulu mtihani wa taifa mara tatu. Aliyemhoji alitaka sana kujua kwa nini mtu afaulu, halafu arudie, halafu arudie tena.

Na kanisani, dada mmoja wa Kiganda alisimama kutoa ushuhuda, machozi yakimtoka, akisema yeye ni "blessed". Mama mmoja wa Uvira aliyekaa nyuma yangu akaruka na kitenge chake kwenda kumfunga jeraha. Kwa Kifaransa "blessé" ni majeruhi.

Hapo kanisani usiache pia kujihadhari na Biblia ya Mfalme James, ya mwaka 1611, ambayo wahubiri wengi wanaipenda kwa mshindo wake. Inasomeka vizuri sana kwa sauti. Ila ukimuuliza mtu wa boda anaelekea wapi kwa lugha ile, atakutoza nauli ya nabii.

Gazeti, na jinsi nilivyotaka kukimbia tena

Gazeti hufika Nakivale mara mbili. Mara ya kwanza hufika kama habari, kwenye meza ya ofisi, na hapo si letu. Mara ya pili hufika kama karatasi ya kufungia, lina miezi au miaka, lina doa la mafuta kwenye paji la uso wa waziri, na hapo ndipo huwa letu. Utakayoyaona zaidi ni New Vision, lililoanza 1986, na Daily Monitor, lililozaliwa 1992. Bukedde lipo pia, lakini hilo ni Kiganda. Nimekaa nalo jioni nzima nikilaumu macho yangu.

Wengi huanza na vichwa vya habari kwa sababu ni vifupi na ni vinene. Usithubutu. Katika juma langu la kwanza la kusoma magazeti, kamusi mapajani, nilikusanya haya: wabunge wamemchoma waziri juu ya makaa, kwa maana "grill" kamusini ni kubanika nyama, mkurugenzi fulani amepigwa shoka, korongo wameanguka nyumbani mbele ya umati, na mashetani wekundu wamewachinja watakatifu, mabao manne kwa bila. Ndugu yangu, mimi nilikuwa nimetoka Kivu usiku, nimevuka mpaka na watoto mgongoni, nikaambiwa hapa kuna amani. Niliweka gazeti chini nikajiuliza kama sikukosea nchi.

Ilinichukua muda kujua kwamba waziri alihojiwa tu, kwa hasira kidogo, akaenda kula chakula cha mchana. Mkurugenzi alifukuzwa kazi. Korongo ni timu ya taifa ya Uganda. Mashetani ni Manchester United, ambao siku zile walikuwa bado wanaweza kumchinja mtu.

Na kama una roho nyepesi, ruka ukurasa wa matanzia mpaka utakapokuwa umelizoea neno "late". Mimi nililijulia pale, kwenye picha za watu waliovaa suti na tarehe mbili chini, na nikalishika vizuri: ni marehemu. Siku nilipochelewa darasani mwalimu akanitaka niseme kwa nini mimi ni "late", nilikataa kata kata. Sikuwa tayari kujitabiria. Baadaye nilikumbuka kwamba Kifaransa nacho humwita marehemu "feu", neno linaloandikwa sawa na moto, na hakuna mtu kwetu aliyewahi kushtuka kwa hilo. Kila lugha ina namna yake ya kuwasumbua wafu.

Sasa nikupe siri, ingawa mwongozo wa mzaha haupaswi kuwa na siri za kweli. Fungua gazeti kwa nyuma. Huko kuna matangazo ya hati za mashamba zilizopotea, watu wanaobadili majina, minada ya magari, kazi za udereva. Hakuna mwandishi anayejaribu kuwa mjanja huko. Sentensi ni zile zile juma baada ya juma, anayebadilika ni mwenye shamba tu. Nilisoma matangazo ya hati zilizopotea miezi miwili, na siku moja nikajikuta nimeelewa ukurasa mzima bila kamusi. Nilitoka nje kutafuta mtu wa kumwambia. Nikampata mbuzi.

Kuna mtaalamu wa New Zealand, Paul Nation, aliyeufanyia hesabu uchungu huu mwaka 2006. Alisema mtu ili asome gazeti au riwaya peke yake bila kukwama, inafaa ajue maneno 98 katika kila 100, na kufika hapo anahitaji koo za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Ukoo mmoja ni neno na watoto wake wote. Nikachukua lile daftari langu. Kurasa 96, kila ukurasa mistari 25, neno moja kwa mstari: 2,400. Nilihitaji karibu madaftari manne, na nusu ya lile moja nilikuwa nimeijaza vifupisho.

Hakuna anayefika elfu nane kwa kukariri. Njia nyingine walishaionyesha watu wawili kule Fiji, Warwick Elley na Francis Mangubhai, waliowapa watoto wa shule za vijijini vitabu vya hadithi 250 kwa kila darasa, wakawaacha wasome. Matokeo waliyachapisha 1983, wakayaita gharika ya vitabu: kwa miezi minane watoto wale walisonga mbele kusoma na kuelewa kwa mwendo wa karibu mara mbili ya kawaida. Mimi nilipolisikia jambo hili sikuwaza Fiji. Niliwaza vitabu 250 vikiwa kwenye mvua ya Nakivale, na nani angeanza kuwashia jiko.

Mzee wa redio

Usidhani kusoma ni kwa macho tu. Jirani yangu wa upande wa ziwa, mzee ambaye sitamtaja, alijifunza kwa masikio. Alikuwa na redio ya betri na alifuata matangazo ya Sauti ya Amerika ya Kiingereza rahisi, yale yaliyoanza Oktoba 1959 kwa maneno kama 1,500 tu na sauti inayotembea taratibu ili mgeni asiachwe nyuma. Papa huyu aliyafuata tangu alipokuwa kijana Bukavu, na Kiingereza chake kilikuwa sahihi kuliko cha walimu wengi. Shida ilikuwa mwendo. Hakujua kwamba Kiingereza kinaweza kusemwa haraka. Akianza kuuliza bei ya nyanya kwa Mnyankole, mwenye nyanya alikuwa anapata nafasi ya kuhudumia wateja wawili kabla ya papa kufika kwenye kitenzi.

Alikuwa na "process", kama tunavyosema hapa. Maana yake faili lake lilikuwa linatembea kuelekea Marekani. Alishafanya mahojiano, alishapimwa afya, godoro alishaliuza. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ikasimamisha kuwapokea wakimbizi, na neno lililokuja kwenye simu za watu lilikuwa "suspended". Vijana walimpelekea papa awasomee, maana ndiye kamusi yetu. Akalisema taratibu, kama redio yake. Kisha akalitafsiri kwa maana ya kwanza, ile ya zamani.

"Kutundika," akasema. "Wametutundika."

Kijana mmoja akamwambia, hapana papa, hapa maana yake ni kusimamisha kwa muda. Papa akasema anajua.

Machi mwaka huo huo wafanyakazi wa Sauti ya Amerika nao wakaambiwa wakae nyumbani, na yale matangazo yakanyamaza. Majuma kadhaa nilimsikia jioni akizungusha kile kitufe, mawimbi yakikwaruza, akipita Kiarabu, akipita nyimbo za injili, akirudi. Siku hizi anasoma magazeti ya kufungia kama sisi. Anasoma kwa sauti, na bado ana mwendo ule ule.

Mbarara, au Kiingereza kinachokula

Ukitaka kujua umefika wapi, panda takisi uende Mbarara. Takisi hapa ni ile gari ya abiria 14 inayobeba zaidi. Utapita migomba ya Isingiro isiyoisha, na baada ya kilomita hamsini na ushei utaingia mji ulio jiji tangu Julai 2020, wenye sanamu la ng'ombe wa pembe ndefu na chuo kikuu cha sayansi kilichofunguliwa 1989. Ukisikia harufu ya maziwa usishangae.

Salimia kwanza kwa Kinyankole: "Agandi." Usitangulize Kiswahili kwa wazee. Kwa miaka mingi Waganda wengi walikisikia Kiswahili kwa askari, na wengine kwa majambazi, sasa ukimwambia bibi wa duka "shikamoo, nipe sukari," utaona mkono wake unaelekea kwenye sanduku la pesa. Kwa hiyo unahamia Kiingereza, na hapo ndipo utakapogundua kwamba Kiingereza ulichokisoma hakiishi Mbarara.

Kondakta atakuambia "extend". Kamusi: refusha. Utataka kumwuliza urefushe nini, lakini abiria wanne wamekwishakusukuma kwa makalio. Maana yake sogea. Mtu mliyepotezana mwaka mzima atakukuta barabarani na kukuambia kwa furaha kwamba umepotea. Usimjibu kwamba unakijua vizuri kituo cha takisi. Anasema amekukumbuka. Utakuwa unafagia mlango wako, mpita njia atakupongeza "well done" kana kwamba umeshinda medali. Huyo anakuambia pole kwa kazi. Njia ya mkato inaitwa "panya", na usijisifu kwamba umelielewa kwa akili. Ni neno lako mwenyewe, wameliazima. Chapati iliyoviringwa na mayai inaitwa "rolex", na saa ya jina hilo hakuna anayekuuliza. Bernard Sabiti alikusanya maneno ya namna hii akayatolea kitabu mwaka 2014, na Kiingereza hiki huitwa Uglish. Mimi nasema ni Kiswahili, Kiganda na Kinyankole vilivyovaa suruali ya Mwingereza, na imewakaa vizuri.

Ukichoka utaona ukumbi wa video, utafikiri: filamu ya Marekani, saa mbili za Kiingereza halisi, kwa shilingi chache. Ingia, lakini ujue utakachokuta. Juu ya sauti ya mwigizaji kuna mtu anayeitwa VJ, naye anaisimulia filamu yote kwa Kiganda, anaongeza matani, anawapa majambazi majina ya mitaa ya Kampala. Watanzania waliomjua Lufufu, msimulizi wao wa filamu, wanaelewa ninachosema. Niliingia na nia ya kujifunza Kiingereza nikatoka na matusi matatu ya Kiganda, na sijutii.

Lakini sikwenda Mbarara kwa ajili ya filamu. Nilikwenda kwa ajili ya karanga.

Karanga za stendi ya takisi huuzwa kwenye vikoni vya gazeti, shilingi 500. Mimi huchagua kikoni, siyo karanga. Muuzaji alishanizoea: ananipanulia trei nisome ubavu wa kila kimoja. Siku moja nilipata kipande cha habari ya mahakamani. Mama mmoja wa kijijini alikuwa amemshtaki shemeji yake kwamba anauhamisha mpaka wa shamba usiku, mgomba mmoja kila mara, anaung'oa na shina lake na kuupanda upande wa pili. Shemeji alijitetea kwamba migomba hutembea. Na ni kweli, kila mkulima anajua mgomba hutembea, machipukizi hutokea pembeni, baada ya miaka kumi shina haliko pale ulipolipanda. Hakimu akachukua kamba akaenda shambani mwenyewe. Akapima. Mashahidi walisimama kwenye tope. Nilisoma yote haya nimesimama kati ya takisi mbili zinazopiga honi, na ilikuwa mara ya kwanza Kiingereza kinanipeleka mahali nikasahau kwamba ninasoma Kiingereza. Nilikuwa ninasoma habari za mgomba.

Hakimu akarudi na kusema kwamba ushahidi wa mama una nguvu. Halafu mwandishi akaandika "However", mkato, na gazeti likakatika.

Neno lile nalijua. Lakini, hata hivyo, walakini: kurasa mbili za daftari nimezijaza mifano yake. Nilimrudia muuzaji nikamwomba anifungulie vikoni vyote vilivyobaki, akanionea huruma, tukafungua kumi na saba. Tulipata ndoa, tangazo la mbegu za mahindi, na nusu ya timu ya korongo. Kipande cha chini cha ukurasa ule kilikuwa kimeshaondoka na mteja.

"Alikuwa nani?" nikamuuliza.

"Mtu wa kwenda Kabale," akasema. "Alikuwa na haraka."

Kwa hiyo ndugu mgeni, ukifika Mbarara ukanunua karanga, usikitupe kikoni. Kama kinaanzia juu kushoto na mama aliyeshika jembe, na kuna doa la mafuta, niletee. Niko Base Camp, nyumba iliyopakana na mlango wa madebe. Debe la juu limewekwa kichwa chini, hutapotea.